Mnazindua mashine, antibodi je?

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu, kuandika huwa siandiki, ila hii ya leo naomba mnipe nafasi, na kama ni ndefu mkaikata basi mniachie angalau ile sehemu ya uwanja wa ndege. Kwenye magazeti yetu kila baada ya muda mnaweka picha ya mashine mpya ya maabara imezinduliwa, mgeni rasmi kashika mkasi, wenye makoti meupe wamejipanga nyuma, na chini mmeandika bei ya mashine kwa mamilioni. Safi kabisa, sina neno na hilo. Neno langu ni kwamba sijawahi kuona mwandishi hata mmoja kauliza hiyo mashine inakula nini, yaani vitendanishi vyake, hizi kemikali za kupimia, vya mwaka wa kwanza vimetengewa shilingi ngapi, vinatoka wapi, vinapita wapi, na nani anavipima vikifika. Mimi nafanya kazi kwenye maabara ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, mashine tunayo, kinachotutoa machozi ni kichupa kidogo cha antibodi yenye rangi ambacho ujazo wake haufiki hata robo ya kijiko cha chai.

Nianze na kitu ambacho wasomaji wengi wanakijua. Waliopimwa CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga zenye alama hiyo, miaka ile, kabla WHO hawajasema 2015 kwamba kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri CD4 ishuke, damu yao mara nyingi ilikuwa inachanganywa na antibodi zilizobandikwa rangi, antibodi inashika seli yenye CD4, seli inapita mbele ya leza, rangi inawaka na mashine inahesabu. Antibodi ni hizi hizi kingamwili ambazo mwili unazitengeneza kujikinga, ila hizi za maabara zinatengenezwa makusudi zishike kitu kimoja tu unachokitafuta wewe. Wala siyo jambo la jana, Albert Coons na wenzake kule Boston walishabandika rangi kwenye antibodi mwaka 1941, halafu 1975 Georges Köhler na César Milstein pale Cambridge wakapata njia ya kutengeneza antibodi za aina moja tu, kwa wingi, bila kuisha, wakapewa Nobeli yao 1984.

Sasa hiyo ya CD4 ni nyepesi, kwa sababu CD4 imekaa nje ya seli, antibodi inakuja inashika inamaliza. Ninayoizungumzia mimi inatafuta kitu kilicho ndani ya seli, na kitu chenyewe hakitulii.

Iko protini inaitwa ERK, kwa kweli ni mbili zinazofanana, ERK1 na ERK2. Seli ikipata habari kutoka nje, labda ni homoni labda ni kijidudu, habari inapokezanwa ndani kwa ndani protini kwa protini mpaka kwenye kiini, na mtindo wa kupokezana ni protini moja kumbandika mwenzake fosfeti, kikemikali kidogo chenye fosforasi. Chukua faili la ofisi zetu. Faili ni lile lile, karatasi ni zile zile, ila likigongwa muhuri linahamia meza ya pili na lisipogongwa linalala hapo hapo hata mwezi. Vimeng'enya vinavyogonga muhuri vinaitwa kaineizi, na vipo vingine kazi yao ni kuufuta, hivyo ni fosfateizi, na pande zote mbili zinafanya kazi muda wote, hapumziki mtu. ERK inagongwa sehemu mbili zinazokaribiana sana, kwenye vitofali vya protini viitwavyo threonini namba 202 na tairosini namba 204 kwa hesabu ya ERK1, zikishagongwa zote ndo inaamka inaanza kuamrisha wengine, seli igawanyike, isigawanyike, ifanye nini. Na hebu ona udogo wa jambo lenyewe, ERK ina uzito wa dalton (kizio cha uzito wa molekuli) kama 42,000 mpaka 44,000, fosfeti moja inaongeza kama dalton 80 tu. Antibodi tunayoinunua inatakiwa iione ERK yenye hiyo fosfeti na iipite ile isiyo nayo kama haijaiona.

Waliotuonyesha kwamba protini inaweza kuwashwa na kuzimwa kwa fosfeti ni Edmond Fischer na Edwin Krebs, Seattle, miaka ya 1950, Nobeli wakaipata 1992, yaani walisubiri sana. Halafu 1979 Tony Hunter kule California akagundua kwamba hata tairosini inabandikwa fosfeti, na moja ya sababu za kugundua ni kwamba alitumia bafa, yaani maji yenye kemikali za kushikilia kiwango cha asidi, iliyokuwa imekaa, pH yake imeshuka kidogo, basi tairosini yenye fosfeti ikajitenga na threonini yenye fosfeti wakati kwa bafa mpya zingekwenda pamoja asingeona kitu. Hii stori huwa nawahadithia vijana wa masta halafu nawaonya hapo hapo wasije wakaifanya kisingizio cha kutumia vitendanishi vilivyoisha muda.

Kuitengeneza antibodi ya namna hii ni kazi. Wanatengeneza kipande kifupi cha protini chenye fosfeti mahali panapotakiwa, wanamchoma sungura au panya, wanasubiri mwili wake utoe antibodi, halafu wanachuja, zile zinazoshika hata kipande kisicho na fosfeti zinatupwa. Baada ya hapo ndo inabandikwa rangi. Yetu ina rangi inayoitwa Alexa Fluor 488, ukiipiga na leza ya bluu ya nanomita 488 inarudisha mwanga wa kijani karibu na nanomita 519. Faida ya kuja na rangi tayari ni kwamba huhitaji antibodi ya pili, unapunguza hatua, unapunguza makosa, na unaweza kuchanganya rangi tofauti kwenye tyubu moja, hii inaonyesha seli ni ya aina gani, ile inaonyesha ERK imewaka au haijawaka. Mashine inasoma seli moja moja, maelfu kwa sekunde. Njia ya zamani ya kusaga seli zote pamoja inakupa wastani tu, na wastani unaficha mengi, seli kumi kwenye mia zinaweza kuwa zimewaka vibaya na wewe ukaona kijivu.

Kwenye rangi hapo kuna kitu huwa kinaniuma kidogo nakisema tu nikiwa napita. Moja ya rangi zinazong'aa sana kwenye kazi hii inaitwa fikoerithrini, na inatoka kwenye mwani mwekundu. Mwani ambao akina mama wa Paje na Jambiani wanalima, hii spinosamu wanayoanika pale ufukweni, nao ni wa kundi hilo hilo la mwani mwekundu. Sisi tunauza umekaushwa kwenye magunia, unakwenda nje kutengenezwa vitu vya kugandishia vyakula na dawa za meno. Sisemi kesho tuanze kukamua rangi za maabara Zanzibar, usafishaji wake siyo mchezo, nasema tu tujue kipo nini ndani ya gunia.

Sasa mtu atauliza ng'ombe anahusikaje na ERK. Anahusika sana. Wafugaji wanaijua ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe unaovimbisha tezi za shingo na chini ya sikio, ng'ombe anahema kwa shida mapovu puani, ndama wanakwisha zizi zima. Kinachosababisha ni kijidudu kinaitwa Theileria parva, na hiki kijidudu kina tabia ambayo kwa watu wa seli ni ya ajabu, kikishaingia kwenye chembe nyeupe ya damu hakiiui, kinaigeuza. Chembe inaanza kugawanyika bila kukoma kama ya saratani, kijidudu nacho kinagawanywa humo humo kila chembe inapogawanyika. Ukimpa ng'ombe dawa ya buparvakwoni mapema kijidudu kinakufa, na chembe inaacha ile tabia, yaani saratani inayorudi nyuma kwa sindano. Mtu yeyote anayesoma saratani akisikia hivyo anakaa kitako.

Na hapa tuna mtu wetu. Mwaka 1993 Onesmo ole-MoiYoi, Mtanzania, akiwa Nairobi kwenye kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo cha ILRAD ambacho baadaye kikaingia kwenye ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, yeye na wenzake walichapisha kazi inayoonyesha kwamba kaineizi moja inayoitwa CK2 inapanda kwenye chembe za ng'ombe zilizogeuzwa na Theileria. Kaineizi, yaani mgonga muhuri. Baadaye 2002 watafiti wengine wakaonyesha kwamba kijidudu kinazikusanya kaineizi nyingine, hizi za IKK, kinaziweka kwenye ngozi yake ziwe zinawashwa hapo hapo, hazisubiri tena amri ya mwili. Kwa hiyo swali la ndigana kali kwa sehemu kubwa ni swali la nani kagongwa muhuri na nani hajagongwa, ERK ni mmoja wa wale unaotakiwa uwaulize, na huwezi kuuliza hilo swali kwa seli moja moja bila antibodi za aina hii. Ndo maana nasema jambo hili siyo la anasa za Ulaya, ni la zizini kwetu.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Fosfeti haikai. Ukitoa damu kwa ng'ombe pale joshoni ukaiweka kwenye kibebeo ukaendesha gari masaa matatu mpaka maabara, ukifika unachopima ni safari ya gari, ile hali ya ndani ya ng'ombe ilishapotea njiani, fosfateizi zimefuta, baridi na mtikisiko vimewasha vingine. Kwa hiyo inabidi seli uzikaze kwa kemikali ya fomaldihaidi pale pale, sisi tunatumia asilimia 1.6 kwa dakika kumi, hapo kila kitu kinasimama kilivyo, halafu maabara ndo unazitoboa kwa methanoli ya baridi kali ili antibodi ipite mpaka ndani. Na methanoli nayo ina mambo yake, ile rangi ya mwani niliyoitaja methanoli inaiua, kwa hiyo ukiipaka kabla umepoteza hela, inabidi uje kuipaka baadaye au utumie hizi za Alexa zinazovumilia. Vitu kama hivi havimo kwenye mafunzo ya siku mbili anayotoa fundi wa mashine siku ya uzinduzi, unavijua ukishachoma kichupa.

Kichupa chenyewe mara nyingi ni maikrolita 100, bei dola mia nne, mia tano na kuendelea, hapo hujaweka usafiri ambao mara nyingine unakaribia bei ya mzigo. Kwenye lebo wameandika vitu vitatu ambavyo mtoto wa darasa la tano anaweza kuvifuata, itunzwe nyuzi 2 mpaka 8, isigandishwe, isipigwe mwanga. Basi.

Sasa uwanja wa ndege. Nisitaje uwanja upi wala kampuni ipi wala ofisi ipi kwa sababu sina ugomvi na mtu mmoja, na nikisema mmoja wengine watajiona wasafi. Mzigo wetu mmoja uliingia Ijumaa mchana, boksi la foamu nyeupe lile jepesi, ndani jeli za barafu. Nyaraka zilikuwepo zote ila ikaanza ile ya hiki ni nini. Ofisa wa kwanza akasema hii ni antibodi kwa hiyo ni dawa, lete usajili wa dawa. Tukamwonyesha lebo inasema ni kwa utafiti tu, hapewi mtu wala mnyama. Wa pili akasoma akakuta imehifadhiwa kwa sodiamu azaidi, akasema hii ni kemikali ya sumu, lete kibali cha kemikali, wakati hiyo azaidi haifiki hata asilimia 0.1. Wa tatu akakuta neno sungura, akasema hili ni zao la mnyama, twende kwa mifugo. Na hebu niwe mkweli Mhariri, wote watatu walikuwa na hoja, hakuna aliyekuwa anatafuta chochote, kila mmoja alikuwa anasoma sheria yake na kichupa kimoja kweli kinaangukia kwenye sheria zote tatu. Kosa ni kwamba hakuna mtu hata mmoja mwenye kazi ya kuziangalia zote tatu kwa pamoja na kusema pita.

Tukaachiwa Jumatano. Na sasa sikiliza, kijana mmoja wa ghala, kijana mzuri tu, Jumamosi aliona boksi limeandikwa itunzwe kwa baridi, jeli zimeyeyuka, akaonea huruma, akalitia kwenye friza ya samaki. Friza! Kwa nia njema kabisa. Alikuja kutuambia mwenyewe kwa furaha kwamba mzigo wenu niliuokoa. Tulimshukuru, ungefanya nini, ila mle ndani kulikuwa na vichupa vinne na kimoja kilikuwa cha ile rangi ya mwani ambayo ikiganda ikayeyuka imekwisha.

Hapa najua wapo wenzangu wa maabara watasema namkuza nzi awe tembo, antibodi siyo kitu laini kihivyo. Ni kweli. Antibodi ni protini ngumu, nyingine zinakaa mezani siku kadhaa na zinafanya kazi vizuri tu, viwanda vingine vinazisafirisha bila barafu kabisa. Katika vile vinne viwili vilikuwa vizima. Ila nilijuaje kama ni vizima? Kwa kupima. Na kupima kulikula sehemu ya tano ya kila kichupa, na seli, na wiki moja ya mtu. Kichupa kilichokufa kabisa kina nafuu, unaona giza unatupa unalia unaagiza kingine. Kinachotisha ni kile kilichokufa nusu, kinachowaka kidogo hapa na kidogo pale, mwanafunzi anapata grafu, grafu inaingia kwenye tasnifu, tasnifu inaingia kwenye jarida, na baada ya miaka miwili mtu wa Kampala au Bujumbura anatumia fedha zake kufuata kitu ambacho hakipo.

Ndo maana nawasumbua sana vijana juu ya kontroli, yaani tyubu za kulinganishia, mpaka wananichoka. Kwa fosfo-ERK, yaani ERK yenye fosfeti, ni jambo la tyubu chache. Moja seli zimekaa kimya hazijachokozwa. Nyingine umezichokoza na kemikali ya PMA dakika kumi na tano, hapo ERK lazima iwake, isipowaka kuna kitu kimekufa, ama antibodi ama seli ama wewe hukutoboa vizuri. Nyingine umezipa kwanza U0126, hiki kinamziba MEK ambaye ndiye anayemgonga ERK, halafu ndo unazichokoza na PMA, hapo kijani inatakiwa ishuke, na ikiendelea kuwaka vile vile ujue antibodi yako inashika kitu kingine kabisa siyo unachodhani. Unaongeza tyubu isiyo na rangi na tyubu ya antibodi ya aina ile ile isiyotafuta chochote. Kwa ng'ombe kuna swali la ziada, maana hizi antibodi nyingi zimepimwa kwa binadamu na panya, kwenye karatasi hakuna ng'ombe. Bahati nzuri kile kipande cha ERK kinachogongwa kinafanana sana kwa wanyama wengi kwa hiyo mara nyingi inakubali, lakini mara nyingi siyo kila mara, unapima.

Sasa nenda kwenye andiko lolote la mradi uangalie bajeti. Utakuta mashine, utakuta semina, utakuta posho, utakuta antibodi kichupa kimoja kwa mwaka. Kimoja! Hakuna cha kupimia, hakuna cha akiba mzigo ukikwama. Msimamizi anamwambia kijana tumia kidogo kidogo, kijana anapunguza kontroli kwa sababu kontroli ndo inaonekana haina faida, inakula antibodi na haitoi jibu jipya. Mimi hapo simlaumu kijana.

Na wasomaji wasidhani haya ni matatizo ya kwetu tu. Mwaka 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, wakiwa na wenzao zaidi ya mia waliotia sahihi, waliandika kwenye jarida la Nature kwamba duniani zinapotea kama dola milioni 800 kwa mwaka kwa sababu ya antibodi mbovu za utafiti. Halafu 2023 ikatoka kazi ya kundi lenye makao Canada, walichukua antibodi 614 za madukani zinazotafuta protini 65, wakazipima moja moja kwa kulinganisha na seli ambazo hiyo protini imeondolewa kabisa, wakakuta zaidi ya nusu zinafeli kwenye kipimo kimoja au zaidi. Hizo ni antibodi zilizotoka kiwandani zikaenda moja kwa moja kwenye friji nzuri, hazijaona friza ya samaki. Kwa hiyo kichupa kinaweza kuwa kibovu toka kinazaliwa, halafu sisi tunamwongezea safari. Jambo zuri ni kwamba wenye viwanda walisikia, baadhi ya zilizofeli waliziondoa sokoni na nyingine wakabadilisha maelekezo. Nao walisikia kwa sababu mtu alipima akatangaza matokeo. Sisi tunapima kimya kimya, kila maabara na daftari lake, lot hii, yaani mkupuo wa kiwandani, ilikubali kwa ng'ombe lot ile ilikataa, na maabara ya pili kilomita ishirini mbele inaagiza ile ile iliyotukataa.

Wakuu wakisikia haya jibu linakuwa kwamba mnyororo wa baridi ni gharama, nchi yetu kubwa, umeme unakatika. Mimi hilo silikubali hata kidogo. Chanjo za watoto zinatoka bohari zinafika zahanati ya kijijini zikiwa nyuzi 2 mpaka 8, ile ile ya kwenye kichupa changu, na muuguzi anajua kabisa ipi isigandishwe. Mbegu za madume kutoka kituo cha uhimilishaji pale Usa River zinakwenda vijijini kwenye mitungi ya naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, kwenye pikipiki. Chanjo yenyewe ya ndigana kali inatunzwa kwenye naitrojeni na inafika kwa wafugaji wa Kimasai huko Ngorongoro. Ujuzi tunao tena wa hali ya juu. Ila chanjo ina mwenyewe, mbegu ina mwenyewe, kiboksi cha utafiti kikiingia uwanjani hakina mwenyewe mpaka nyaraka ziishe.

Ninachoomba kwa hiyo siyo bilioni. Pale kwenye ghala la mizigo pawekwe friji moja ya kawaida ya nyuzi 4, yenye kipimajoto na karatasi mlangoni usigandishe, iwe ya vitendanishi vya utafiti tu, na soda za watu zisiingie. Ofisi zile tatu zikubaliane fomu moja ya vitu vya utafiti visivyotumika kwa mgonjwa wala mnyama, ijazwe kabla mzigo haujaruka huko ulikotoka, ukitua unakuta jibu. Na wanaotoa hela za mashine, serikali au wahisani, waweke sharti kwamba bei ya mashine ni pamoja na vitendanishi na matengenezo ya miaka mitatu, na ndani ya vitendanishi sehemu ya kupimia iandikwe kwa jina lake, kontroli, ili mhasibu asiifute akidhani ni marudio. Kuhusu kushirikishana matokeo hilo ni letu wenyewe, halihitaji waziri, mkutano mmoja wa taasisi zetu za utafiti wa afya NIMR na Ifakara, vyuo, na wenzetu wa Kenya wa KEMRI na ILRI ukiamua tuwe na orodha ya wazi ya antibodi na namba za lot, imekubali kwa mnyama gani, kwa njia gani, tutaokoa hela kuanzia mwezi huo huo.

Wengine huniuliza kwa nini tusitengeneze wenyewe. Kuna zinazowezekana. Ngamia anatoa antibodi fulani ndogo, za mnyororo wa aina moja tu, waligundua watafiti wa Ubelgiji wakachapisha 1993, na kipande chake cha kushikia kinaweza kutengenezwa ndani ya bakteria wa kawaida wa maabara, hakihitaji sungura wala kiwanda kikubwa, tena ni kigumu kuharibika kwa joto. Ngamia tunao, kaskazini huku wafugaji wameanza kuwafuga na Kenya wako tele. Ya kuona fosfeti itachukua muda, sidanganyi, hiyo ni kazi ya miaka, lakini za kushika alama za nje za chembe za ng'ombe, ambazo sokoni ni chache na bei yake ni ya kukatisha tamaa, mwanafunzi wa PhD mwenye msimamizi mzuri anaweza kuanza nazo. Kama kuna chuo kitaanza wanitafute kupitia kwenu Mhariri, za kuzipimia ninazo, chembe za ng'ombe zenye Theileria na zisizo nayo ziko kwenye mtungi wa naitrojeni, na mashine ipo wazi siku za Alhamisi.

Wenu,
Mtu wa maabara